Hakimu na Kifo cha Rubani

Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba 2013, mkata lenzi mmoja wa miaka thelathini na minne alisimama mbele ya viti vya plastiki katika chumba kilicho juu ya duka la fotokopi, akapitisha kanuni ya maneno mawili: kisichosikika hakihesabiwi. Kumbukumbu za kikao hicho bado zimebandikwa kwenye ukurasa wa chama, na yeyote mwenye simu anaweza kuzisoma. Waliopinga walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mwalimu wa fizikia. Mwingine alinyoosha mkono akidhani wanaulizwa nani anataka chai.

Tangu siku ile mkata lenzi huyo anaitwa Hakimu, na jina limemganda hata kazini, ambako hakuna anayejua lilikotoka.

Chama chenyewe ni cha wapenzi wa Mzingo wa Saba, mchezo wa redio uliorushwa kila Alhamisi alasiri kwa misimu tisa, enzi ambazo nyumba yenye redio haikukosa wageni wasioalikwa. Unahusu chombo cha anga kilichonasa kwenye mzingo wa sayari ngeni: hakiwezi kutua, hakiwezi kurudi. Ndani yake wamo Kapteni, Daktari, Fundi na Rubani, na watu hao wanne wamewagombanisha watu wazima hadi leo. Binti wa Kapteni ana miaka tisa katika msimu wa pili na miaka saba katika msimu wa tatu. Daktari anaapa kwamba hajui kuogelea, kisha msimu wa sita anamwokoa Fundi ndani ya tangi la maji. Mtu wa kawaida akisikia hayo anacheka na kwenda zake. Wanachama hawaendi popote. Wanakaa, wanatoa simu, wanasikilizishana vipande vya sauti, wananuniana. Wapo wawili ambao hawapeani salamu kwa sababu ya lile tangi.

Kanuni ya Hakimu ilitokana na uhaba. Kituo cha redio kilikuwa na kanda chache, na kipindi kikishatoka hewani kanda yake ilifutwa, ikarekodiwa bei za mazao au mahubiri. Vipindi vilivyosalia vilisalia kwa bahati. Vile vilivyopotea kila mtu alivikumbuka kivyake, na ubishi juu yake haukuwa na mwisho. Hakimu alikata mzizi wa yote hayo. Kama kanda ipo, tubishane. Kama haipo, hakikutokea.

Lakini waliokuwamo chumbani siku ile walijua kwamba kanuni ilitungwa kwa ajili ya kipindi kimoja, cha mwisho cha msimu wa nne. Wazee wa chama walisimulia kwamba katika kipindi hicho Rubani anatoka nje ya chombo kwenda kuikwamua antena, hewa inamwishia, anakufa huku akizungumza na wenzake. Kanda haipo. Msimu wa tano unaanza na Rubani yuko kwenye kiti chake, kwa sauti nyingine kabisa, na hakuna hata mmoja chomboni anayeshangaa. Chama kikagawanyika. Wanaosema alikufa huitwa Waombolezaji. Wanaosema hakufa hujiita wenye akili timamu.

Rubani wa kwanza alikuwa mama yake Hakimu.

Alikuwa mpokea simu kwenye ubao wa simu wa kituo kile. Mwongozaji wa michezo aliipenda sauti yake kwa kuisikia ikisema “subiri kidogo, nakuunganisha.” Alimwigiza Rubani kwa misimu minne, na mapafu yake yalikuwa yanaharibika tangu msimu wa tatu. Wanachama wote walilijua hilo, na ndilo lililoipa kanuni uzito wake. Kama mtoto wa Rubani mwenyewe anasema Rubani hakufa, nani mwingine ana mdomo wa kusema?

Hakimu anafanya kazi nyuma ya duka la miwani, katika chumba ambacho wateja hawakioni. Daktari wa macho anaandika namba, muuzaji anachagua fremu pamoja na mteja, kisha vyote vinasukumwa kupitia dirisha dogo hadi mezani kwake. Anatafuta kitovu cha lenzi, anakitia alama ya wino, anapima mboni zitakapokaa, ndipo anaipeleka kwenye jiwe linalozunguka. Maji yanatiririka kulipoza na kutoka meupe kama maziwa. Lenzi ikihama kidogo tu kutoka kwenye kitovu, mteja ataumwa kichwa na hatajua kwa nini. Ni kazi ya mtu asiyependa kuambiwa “takribani.”

Mkewe aliondoka zamani. Alisema amechoka kuolewa na watu wanne walioko angani.

Mwaka huu alikuja mtayarishaji. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini na viatu vya gharama, na aliomba kuonana na Hakimu kule kule nyuma, kati ya mashine na masanduku ya fremu. Kampuni yake ilikuwa imenunua haki za Mzingo wa Saba ili kuufanya tamthilia ya televisheni.

“Siri ya msimu wetu wa kwanza ni Rubani,” alisema. “Wote wamekufa, yeye yupo. Amezeeka, yuko peke yake, amekitunza chombo miaka yote. Unaipata picha?”

Hakimu aliipata. Alizima jiwe.

“Sasa, kuna hili la kifo.”

“Hakihesabiwi.”

“Nimesikia hivyo. Lakini tunaomba chama kithibitishe kwa kura, iandikwe. Sitaki turushe kipindi cha kwanza tu, watu waanze kutuparura mtandaoni. Na tunamtafuta mshauri wa mfuatano. Mtu wa kusoma kila mswada na kutuambia hapa mmekosea, pale mmejichanganya. Jina lake litatokea mwisho wa kila kipindi. Peke yake kwenye kioo, si katika ule msururu unaopita mbio.”

Hakimu aliuliza kama mshauri angekuwa na uwezo wa kuzuia kitu kisiandikwe. Mtayarishaji akasema ndiyo. Baada ya hapo hakuuliza kingine. Maisha yake yote amekuwa akisahihisha hadithi baada ya kuharibiwa, na sasa anaambiwa anaweza kufika kabla.

Jumapili iliyofuata, dada yake alimtembelea. Dada ni muuguzi, amemzidi miaka minane, na alipitia pale akitoka zamu na sare yake mwilini. Nyumba ni ile ile waliyokulia. Baba alifariki zamani. Anayeishi na Hakimu sasa ni Mama Mdogo, mke wa pili wa baba, ambaye masikio yake yanamtupa mkono na ambaye siku hizi hulala mchana mlango ukiwa wazi.

“Habari za kazi, dada?”

“Kazi ni kazi. Eti Rubani anafufuka?”

“Nani kakwambia?”

“Mwalimu wa fizikia. Mkewe amelazwa wodini kwangu. Kati ya dripu ya kwanza na ya pili kanieleza yote, hadi habari za tangi.”

“Hafufuki,” alisema Hakimu. “Hakufa.”

Dada aliweka mkoba kwenye kochi, polepole. “Hebu rudia.”

“Kwenye mfuatano, dada. Sisemi mama. Nasema Rubani.”

“Mimi ndiye niliyemshikia mama bilauri siku ya kurekodi. Anasema sentensi moja, wanasimamisha kanda, anakunywa funda moja, wanaendelea. Mwongozaji alimhurumia. Akamwambia, tuandike Rubani kaenda likizo, ukipona unarudi. Mama akakataa. Akasema, huyu naondoka naye. Maneno yake hayo hayo. Huyu naondoka naye. Sasa wewe unamrudisha kwa ruhusa ya nani?”

“Kanda haipo.”

“Mimi nipo.”

“Kila wiki kuna mtu ananiambia yeye yupo. Kuna babu mmoja anaapa alimsikia Kapteni akiimba.”

“Kwa hiyo mimi na huyo babu yako tuko kapu moja?”

Dada alivuta kiti akakaa mbele yake, magoti karibu yagusane, kama anavyokaa na ndugu wa mgonjwa anapotaka kuwaambia jambo.

“Kila wiki nasikia watu wakikata pumzi, mdogo wangu. Ile haikuwa kuigiza. Ndiyo kazi ya mwisho aliyofanya duniani, na aliifanya kwa makusudi. Sikuombi kingine. Waambie ilitokea. Na wewe uliisikia vilevile. Ilirushwa tumeshamzika. Ulikaa hapo sakafuni, ilipoisha ukatoka mbio ukawatangazia watoto wa mtaa mzima kwamba Rubani hajafa, amezimia tu.”

“Nilikuwa na miaka minane. Sikumbuki.”

“Sikumbuki! Wewe! Unakumbuka rangi ya taa ya hatari ya msimu wa kwanza, na redio haina rangi!”

Hapo wote wawili nusura wacheke. Ilikuwa nafasi, na ilipita. Hakimu alisema kwamba kanuni ni kanuni, akiivunja kwa ajili ya ndugu yake atachekwa, na kesho kila mtu ataleta ndugu yake.

Dada alisimama. “Sikushangai. Alipoletwa yule Rubani mwingine na sauti yake ya asali, ulimkubali siku ile ile. Kama ulivyomkubali huyu.” Alionyesha kwa kidevu upande wa chumba cha kulala.

“Shusha sauti.”

“Ya nini? Hasikii.”

“Mwambie dada yako chakula kipo,” sauti ya Mama Mdogo ikatoka chumbani. “Asiondoke na njaa.”

Dada aliondoka na njaa.

Inafaa kusema hapa kwamba Hakimu alikumbuka. Alikikumbuka kipindi kile neno kwa neno: mlio wa antena, Kapteni akiita, sauti ya mama ikisema taa za sayari zinapendeza zikitazamwa kutoka nje, kisha pumzi, kisha pumzi ndefu zaidi, kisha muziki. Aliwahi kuwa mtoto aliyesikia mama yake akifa siku kadhaa baada ya kumuona akifukiwa. Miezi michache baadaye Rubani alizungumza tena, na nyumbani mwanamke mwingine akawa anamsugua mgongo na kumwandalia nguo za shule. Dada, aliyekuwa msichana mkubwa, alikataa vyote viwili na akakimbilia chuo cha uuguzi. Yeye alivipokea vyote viwili. Mtoto wa miaka minane akiambiwa achague kati ya mtu aliyepo na asiyekuwepo, hachagui sana. Kosa, kama ni kosa, lilikuja utu uzimani, alipokigeuza kile alichokitamani kuwa kanuni, akawataka na wengine waifuate.

Siku ya kura chumba cha juu ya fotokopi kilijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Feni ilizunguka bila kupoza chochote. Mwalimu wa fizikia, kiongozi wa Waombolezaji, alisimama mapema karibu na mlango akiwa amechomekea shati.

“Mheshimiwa mwenyekiti, tuna shahidi.”

“Kanuni yetu haina mashahidi, Mwalimu,” alisema Hakimu kutoka kiti cha mwenyekiti. “Ina kanda.”

“Kanuni yetu haijawahi kukutana na mtu aliyekuwamo studio,” alisema Mwalimu, na akajitoa mlangoni. Nyuma yake alikuwa Dada.

Minong'ono ilitembea kwenye viti. Wachache walimjua; waliobaki walimjua walipouona uso, kwa sababu picha ya Rubani wa kwanza iko kwenye ukurasa wa chama na Dada amefanana naye hadi anavyokunja mdomo. Mtu mmoja alisema, “Mpeni kiti jamani.” Hakimu angeweza kukataa. Angekataa, lakini macho yote yalikuwa juu yake, na mtayarishaji alikuwa amekaa safu ya mbele.

Dada alizungumza kwa sauti ile anayotumia wodini, ya kusikika bila kupaza. Alieleza bilauri, kanda iliyosimamishwa na kuendelea, mwongozaji aliyekuwa akilia nyuma ya kioo huku akiashiria waendelee. Alisema mama yao alichagua. Alisema, “Huyu naondoka naye,” na hakuongeza chumvi yoyote. Alipomaliza, yule aliyenyoosha mkono kwa ajili ya chai miaka ile alikuwa anajifuta macho. Ukipima chumba kile kwa wakati ule, Rubani alikuwa amekufa.

“Maswali machache tu,” alisema Hakimu.

Kila mtu aliyewahi kusimama pale akisimulia kipindi kilichopotea aliulizwa hivyo, na wote waliteleza. Ndiyo iliyokuwa njia ya chama ya kuwapima. Anayekumbuka kweli anakumbuka na vitu vidogo.

“Rubani alishika nini mkononi?”

“Spana.”

“Aliyekuwa akimwita ni nani?”

“Kapteni. Daktari alikuwa amenyamaza.”

Watu walitikisa vichwa. Yote mawili yalilingana na vipindi vya kabla.

“Alitokea mlango gani?”

Dada alifumba macho kidogo. “Wa nyuma,” alisema. “Alitokea mlango wa nyuma. Alikuwa amechoka mno.”

Mtu wa pembeni akaguna. Mwingine akacheka kwa pua. Mwalimu aliinamisha kichwa na kujishika paji la uso. Hakuna mtu mle ndani ambaye hakujua kwamba mlango wa nyuma wa chombo uling'olewa na kimondo mwishoni mwa msimu wa tatu, ukazibwa kwa bati, na haukufunguliwa tena. Kipindi hicho kipo. Kinasikika vizuri kabisa, hadi nyundo.

Hakimu peke yake alijua ni mlango gani. Siku ile ya kurekodi alikuwa ndani ya gari la baba, kiti cha nyuma, nje ya kituo cha redio. Walisubiri sana. Kisha mlango wa nyuma wa studio, ule wa chuma unaotokea kwenye maegesho, ulifunguliwa, akatoka mama ameegemea bega la dada yake, akachukua hatua chache, akasimama kupumzika, akampungia mkono kioo cha gari. Dada hakuwa anakumbuka chombo. Hakuwahi kukijali chombo. Alikuwa anamkumbuka mama yao akitoka.

Ilihitaji sentensi moja. Angesema: anaongelea mlango wa studio, nami nilikuwepo. Angekuwa shahidi wa pili, kanuni yake ingekufa pale pale, na mwanamke wa safu ya mbele angefunga mkoba wake na kutafuta mshauri mwingine. Dada alikuwa anamtazama. Hakuelewa kilichowachekesha, lakini aliona kwamba mdogo wake ameelewa.

“Chombo hakina mlango wa nyuma tangu msimu wa tatu,” alisema Hakimu. “Kama hakuna swali lingine, tupige kura.”

Waombolezaji wengi hawakunyoosha mkono upande wowote. Hoja ilipita. Mtayarishaji alipiga makofi kidogo, akaona wengine hawapigi, akaacha.

Dada alisubiri watu wapungue kwenye ngazi. Hakimu alimfuata hadi mlangoni, akaanza kusema kwamba hakumlenga yeye, kwamba mtu yeyote angeulizwa vile.

“Umefanya kazi nzuri, Mheshimiwa,” alisema Dada. Hakumwita mdogo wangu. Alishuka huku ameshika ukuta, kwa sababu ngazi zile hazina mahali pa kushika.

Siku chache baadaye, Hakimu akiwa kazini, Dada alikwenda nyumbani akaichukua picha ya mama yao iliyokuwa sebuleni. Mama Mdogo ndiye aliyemshushia. Aliifuta kioo kwanza kwa upande wa khanga, akamfungia kwenye gazeti, na inasemekana walikaa pamoja jikoni wakanywa chai bila kuzungumza. Hakimu aliporudi aliuliza picha iko wapi. “Imeenda na mwenyewe,” alisema Mama Mdogo. Alipouliza dada alisema nini, bibi huyo alijifanya hasikii.

Mwalimu wa fizikia amejitoa chamani. Wengine watano wamemfuata na kufungua kundi lao la simu, ambalo kanuni yake ya kwanza ni kwamba kinachokumbukwa kinahesabiwa. Tayari wanagombana.

Hakimu amempigia dada yake mara kadhaa. Simu inaita hadi inakatika. Alikwenda wodini, akaambiwa na muuguzi mdogo kwamba Sista yuko na mgonjwa, akangoja kwenye benchi hadi zamu ikabadilishwa, akagundua kwamba wauguzi hutoka upande mwingine.

Upigaji picha unaanza Jumatatu ijayo. Atakayemwigiza Rubani ni mwanamke wa makamo mwenye sauti nzuri, na mswada wa kwanza umeshafika kwa mshauri wa mfuatano, ambaye ameurudisha ukiwa na masahihisho kumi na manne. Ameomba likizo dukani. Mwenye duka amempata mkata lenzi wa muda, ameketi kwenye kiti chake, na hakuna anayeshangaa.